Mthai wa Ibra

Wiki iliyopita mliniacha ndani ya gari, nje ya nyumba ya mkwe wangu hapa Ibra, Oman, naogopa kushuka. Bado nimo humo humo. Jua la Ijumaa linanipiga utosini kupitia kioo, na kanzu niliyoipiga pasi asubuhi imeshanigandia mgongoni.

Kwa asiyenijua, jina langu Hisham, nasomesha jiografia Mudhaibi. Mimi na Azza binti Marhun tumefunga milka tangu mwaka jana. Milka ni ndoa kamili: kadhi kaandika, mahari yametolewa, mashahidi wamekula halwa. Kilichobaki ni harusi, na mpaka wali wa harusi uliwe, bibi harusi hulala kwao na bwana harusi hulala kwao. Ndiyo ada yetu.

Na harusi yetu imeahirishwa mara tatu. Mara ya kwanza bibi yangu alifariki. Mara ya pili wadi, mto wetu wa mvua, iliteremka, maji yakaingia ukumbini, na asubuhi yake viti vikaonekana vimenasa kwenye mitende. Mara ya tatu Mzee Marhun, baba yake Azza, alipasuliwa mawe ya nyongo siku nane kabla ya zafa. Tarehe ya nne ni wiki tatu kutoka leo, na kadi zimeshagawiwa.

Jumatano ndipo ilipofika picha. Turki, binamu yake Azza, alikuwa anamtafutia mama yake hoteli Thailand, maana mama ana magoti, na sisi huku magoti yote tunayapeleka kule kutibiwa. Akafungua ukurasa wa hoteli moja. Akanikuta mimi.

Nimevaa hariri nyeupe, shingoni shada la maua, mikononi nimefungwa nyuzi. Pembeni yangu bibi harusi wa Kithai ameinamisha kichwa, viganja vimekutana mbele ya uso, taji la dhahabu, nywele zimejaa maua, bega moja liko wazi. Chini wameandika: bwana harusi wetu kutoka Oman.

Turki hakunipigia simu. Aliirusha kwenye grupu la familia, watu mia na arubaini, akaandika "Mabruk".

Wiki iliyopita nilikwambieni kuwa jambo hili nina maelezo yake, nikanyamaza. Sasa naungama. Yule Mthai ni Azza.

Ilikuwa hivi. Harusi ilipoahirishwa mara ya tatu, Azza alinyamaza wiki mbili. Halafu akanipigia simu akasema, "Hisham, nataka kwenda mahali pasipo na shangazi hata mmoja."

Mimi nilikuwa na safari yangu ya kutazamwa mgongo Bangkok, na kila mtu anaijua. Tukamwendea mama yake, Bi Shukriya, tukamwomba. Alikuwa anamenya vitunguu thomu. Akamenya kimoja, akamenya cha pili.

"Siku tano," akasema. "Vyumba viwili. Na kila sala mtanipigia."

Kwa mumewe akasema kwamba Azza anakwenda Sur, kwa khalati yake Wiam, ndugu yake Bi Shukriya. Mzee Marhun aliuliza mara mbili, na Bi Shukriya akaapa wallahi mara mbili.

Mgongo ukatazamwa, haukuwa na kitu. Tukenda zetu kaskazini, kwenye hoteli ya mashambani. Vyumba viwili, nilitii, na msicheke. Kitandani kwangu walikuwa wamekunja taulo zikawa mabata wawili wanabusiana. Nililala nao siku zote.

Binti wa mapokezi alituona mume na mke, vyumba mbalimbali, kila saa tunampigia mtu simu. Akadhani tumegombana. Akatuonea huruma. Kila Jumapili hoteli hupeleka wageni kijijini wakafanyiwe harusi ya kienyeji, na wiki ile maharusi wa Kijerumani walikuwa wamevunja safari. Akatupa nafasi yao bure, ili tupatane.

Nikasema hapana. Nilisema hapana mara nne, na kila mara kwa sababu nzuri.

"Harusi yangu imekufa mara tatu," Azza akaniambia. "Niache nivae hii moja."

Nikamwambia yule binti kuwa sisi Waislamu, hatutaki watawa wala masanamu. Akasema wapo wazee na maji tu. Basi nikakosa la tano.

Walinipitisha njia nzima kwa ngoma, mbele yangu watu wamebeba migomba na miwa. Kufika mlangoni, wanawake wamenyosha mnyororo wa dhahabu, hawanipishi mpaka nitoe bahasha. Nikatoa. Mbele kuna mnyororo wa pili. Azza alikuwa ndani, nasikia anavyocheka. Akaniambia baadaye, "Kifungua mlango hicho, kile kile cha Unguja walikotoka wazee wetu. Bibi yako angelikuwepo angelitaka fungu lake."

Tukakaa chini, tukanyosha mikono, wazee wakaja mmoja mmoja kutumiminia maji kwa kombe la baharini. Halafu wakatufunga nyuzi nyeupe. Kikongwe mmoja asiye na jino alinifunga mimi, akasema maneno marefu sana. Sikufahamu hata moja. Nikaitikia amin.

Azza alikuwa analia. Nikamuuliza kuna nini.

"Leo nimeolewa."

"Azza, sisi tumeoana tangu mwaka jana."

"Ile mlioana nyinyi wanaume, wewe na Baba na kadhi, kwenye majlis. Mie nilikuwa jikoni na sinia la sambusa. Leo nilikuwepo."

Wallahi, sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda pale. Tukapigwa picha. Tukapewa karatasi tutie saini, nikatia, sikuisoma, kumbe ni ruhusa ya kuitangaza picha. Mwalimu mzima mie, watoto nawapigia kelele kila siku wasome swali kabla ya kujibu.

Haya, turudi garini. Simu ikalia. Pazia la dirisha la juu linatikisika.

"Mbona hushuki?" Azza huyo.

"Nasoma Ayatul Kursiyyu."

"Mara ya ngapi hiyo?"

"Ya saba."

"Hisham, sikiliza. Wakikuuliza, sema Mthai."

"Nikisema Mthai, baba yako anavunja harusi."

"Atakasirika, halafu atapoa. Wewe mwanamume, makosa yako yanapoa. Akijua ni mie, nywele wazi, bega wazi, watu mia na arubaini wamenitazama, hatoniangalia usoni mpaka afe. Na Mama je? Kamwapia mara mbili!"

"Azza..."

"Niapie kuwa hutonitaja."

Nikaapa. Ndiyo tabia yangu, mwanamke akinambia apa, naapa kwanza, akili inakuja kesho yake.

Nikashuka. Ndani ya majlis, sebule ya wanaume, walikuwemo wanne. Mzee Marhun mwenyewe, mkono juu ya ubavu, pale alipopasuliwa. Kaka yake mkubwa, Sheikh Ghanim, ambaye watu wa mtaa wote humwendea kwa mambo ya dini. Bader, kaka yake Azza. Na Turki, anakula tende kama hakufanya kitu.

Ukutani iko televisheni, kubwa kama mlango. Bader alikuwa ameirusha picha pale, ili Mzee aone vizuri. Mke wangu yuko pale, kimo chake kamili, na bega lake.

"Assalaam alaykum. Shikamoo, Ami," nikasema, maana huku mkwe tunamwita ami.

"Waalaykum salaam," akajibu Mzee Marhun. Marahaba hakunipa.

Nikakaa. Kahawa ikaja, nikanywa vikombe vitatu, maana ukiwa na kikombe mdomoni hakuna anayekuuliza.

"Yule ni wewe?" Mzee akauliza.

"Ni mimi, Ami."

"Na yule ni mwanamke?"

"Ni mwanamke, Ami."

"Nilikuwa nangoja uniambie ni mti," akasema. "Nimeumwa nyongo, nimepasuliwa, sikulia. Jumatano nimelia. Nimekupa mwanangu, Hisham."

Nikasema, "Ami, ulikuwa mchezo wa hoteli. Wanafanya kila Jumapili."

"Kila Jumapili unaoa?" Bader akauliza.

"Wageni. Wanawafanyia wageni."

"Kwa hivyo huyo naye mgeni?"

Hapo nikaona mtego, nikarudi kwenye kahawa.

Sheikh Ghanim akakohoa. "Ngojeni. Hasira haitusaidii. Hisham, wewe na huyu mwanamke mlikaa chumba kimoja?"

"Hapana, Sheikh."

"Hoteli, Thailand, siku tano, bibi harusi. Chumba mbali?"

"Vyumba viwili, Sheikh."

Turki alipaliwa na tende. Bader akampiga mgongoni.

"Ikiwa ni kweli, basi mambo mepesi," akasema Sheikh. "Mke asiyeingiliwa hana eda, wala hapana kurejeana. Ni neno moja tu, khalas, kama hamkujuana. Atamwacha hapa mbele yetu. Bader na Turki mashahidi. Harusi ya Azza iko pale pale, na watu tutawaambia yamekwisha."

"Lakini ile si ndoa, kaka," Mzee Marhun akasema. "Kadhi yuko wapi?"

"Tunajua sisi? Labda alifunga ya kisheria asubuhi yake. Aache kwa hadhari. Ikiwa ndoa ipo, imevunjika. Ikiwa haipo, hapana hasara."

Hapana hasara! Mwanamke wa kwenye picha ni mke wangu halali. Nikitamka, namwacha Azza. Naye hajaingiliwa, kwa hivyo hapana kumrejea. Nikimtaka tena lazima nimuoe upya, na kumuoa upya kunataka idhini ya baba yake, na baba yake ndiye huyu. Na talaka haina mzaha, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Ukiitamka kwa kucheka, imepita.

"Sema," Sheikh akanihimiza. "Tukale."

Nikafikiri kwa haraka kuliko nilivyowahi kufikiri tangu nizaliwe. Nikanyanyua kichwa, nikasema kwa sauti safi, "Kama nina mke wa Kithai, basi nimemwacha!"

Nikajipongeza moyoni. Mke wa Kithai sina, hajaachwa mtu. Mzee Marhun akashusha pumzi. Bader akaanza kunyanyuka.

"La," akasema Sheikh Ghanim. "Hilo 'kama' litoe."

"Kwa nini, Sheikh?"

"Kwa sababu mwaka juzi mtu mmoja alinipa 'kama', mpaka leo mkewe ananijia kuniuliza yeye ni mke au si mke. Sitaki tena. Utaelekeza kidole pale ukutani, useme: mwanamke huyu, aliyekaa na mimi katika picha hii, nimemwacha."

Mzee Marhun akakaa tena. Bader akakaa. Nikaangalia ukutani. Azza ameinama vile vile, maua kichwani, na hapo nikajua siwezi.

"Simwachi," nikasema.

Turki akaacha kula tende.

"Umesemaje?" Mzee Marhun akauliza.

"Nimesema simwachi, Ami. Nisamehe."

"Umejuana naye siku tano!"

"Nampenda."

Bader alinyanyuka kwa ngumi. Turki akamshika kanzu, na nilimshukuru Turki kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Mzee Marhun hakupiga kelele. Ingelikuwa afadhali apige. Akasema polepole, "Basi mwache mwanangu. Hapa hapa, sasa hivi. Nitawapigia watu wa kadi mwenyewe."

"Azza naye simwachi."

"Huyo humwachi na Azza humwachi?"

"Ndiyo, Ami."

"Unawataka wote wawili?"

Mtu akiulizwa hivyo, na ameapa, na hataki kusema uongo, ana jibu gani? "Ndiyo, Ami," nikasema. "Wote wawili, kwa moyo wangu wote."

"Makubwa haya!" Bader akasema. "Hana haya huyu, hana hata chembe!"

Hata Sheikh Ghanim alichoka. "Hisham, chagua moja. Ama umwache yule wa ukutani, ama umwache Azza. Hapana la tatu."

Nawaapia wasomaji wangu, katika umri wangu wote sijapewa chaguo pana kama lile.

Mlango wa ndani ukafunguka. Azza huyo, shela juu juu, macho mekundu. Alikuwa amesikia yote.

"Ami Ghanim, mwacheni," akasema. "Amekosa nini hata mnambana vile? Baba, yule ni mie."

Niliogopa, kweli, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi. Amesema mwenyewe, kiapo changu kizima, hakuna anayeachwa. Nilitaka kumshika mkono mbele yao wote.

"Yule wapi?" Mzee Marhun akauliza.

"Ukutani. Yule Mthai. Ni mie, Baba. Tulikwenda pamoja. Vyumba vilikuwa viwili kweli."

Wakamtazama Azza, wakatazama ukuta, wakamtazama Azza. Azza akaweka viganja pamoja mbele ya uso, akainama.

"Siye," akasema Turki.

"Yule mrefu zaidi," Bader akasema. "Na shingo si yako."

"Ni taji lile, we mpumbavu!"

"Mwanangu." Sauti ya Mzee Marhun ilikuwa imelainika, nikaona macho yake yamejaa maji. "Usimkinge. Mtu aliyekufanyia hivi, na wewe unajitia aibu kwa ajili yake? Wewe ulikuwa Sur, kwa Wiam. Mama yako kaniapia."

"Mama!" Azza akaita.

Bi Shukriya akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikapumua. Huyu anajua kila kitu, nikasema moyoni, huyu ndiye aliyetupa ruhusa, tumempigia simu kila sala kwa siku tano.

"Bi Shukriya," Mzee Marhun akamwambia, "hebu wasikie. Azza anasema yule wa ukutani ni yeye. Kama ni yeye, basi wewe miaka thelathini na nne umekaa nami, umenilisha kwa mkono wako hospitali, halafu ukanitazama ukala yamini ya uongo mara mbili. Nambie. Alikuwa wapi?"

Bi Shukriya aliitazama televisheni muda mrefu. Akamtazama mumewe, na ule mkono ulioshika ubavu.

"Sur," akasema.

"Mama!"

"Alikuwa Sur kwa Wiam. Alinipigia kila sala."

"Lete pasi yangu ya safari, Mama. Iko kwenye sanduku lako, mhuri umo!"

"Ufunguo umepotea."

"Tangu lini?"

"Tangu jana," akasema Bi Shukriya. "Nautafuta."

Nikashika simu yangu nitoe picha nyingine. Hamna hata moja. Zote nilizifuta Jumatano, kwa amri ya Azza. Nikasema, "Ami, haki ya Mungu, anayosema Azza ni kweli," na Mzee Marhun akanijibu bila kunitazama, "Na mwanangu umeshamfundisha uongo. Nafasi nimeshakupa, hii ndiyo ya mwisho. Mwache yule, au utoke hapa huna mke."

Sheikh Ghanim akasimama, akaja, akanishika mkono wa kulia. Akauvuta mpaka kidole changu kikaelekea ukutani, kwenye yale maua ya kichwani. Azza mwenyewe amesimama kushotoni kwangu, hatua mbili, namsikia anavyohema.

"Mama," Azza akasema, na sasa alisema taratibu sana. "Wajua ni nani anayeachwa hapa?"

Bi Shukriya aliushika mwiko kwa mikono miwili.

"Najua," akasema. "Mthai."

Halafu akanigeukia mimi, na machozi yanamshuka, hayafuti.

"Sema, mwanangu. Wali unapoa."